Jinsi ya kutafuta msaada kama unapigwa nyumbani, bila anayekupiga kushtuka mapema

Dada yangu, kabla hujaendelea angalia kwanza hiyo simu uliyoshika ni simu ya aina gani. Kama na yeye huwa anaishika, anajua namba ya siri, au ukilala anaipekua, basi soma hii kwenye simu ya shoga yako unayemwamini, au soma hapo hapo ila ukimaliza ufute ukurasa huu kwenye historia, huu tu, usifute historia yote maana simu iliyosafishwa kabisa nayo inamshtua mtu wa wivu. Na usipige skrinshoti, utaisahau kwenye galari.

Naandika kwa ajili ya watu wa huku kwetu, Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe. Maelekezo mengi ninayoyaona yanasema nenda kituoni karipoti, alafu basi yameishia hapo. Huku unajua mwenyewe tunavyoishi. Dereva boda wa kijiweni ni mtoto wa shemeji yako, balozi wa nyumba kumi anakunywa na mumeo, na mama wa genge ameshakuona ukishuka kwenye bajaji upande wa kituo kabla hujafika hata mlangoni. Msaada upo, tena sehemu kubwa ni bure, lakini kinachowaumiza wengi ni ile njia ya kuufuata, yaani nani alijua, alijua lini, na habari ilifika nyumbani kabla wewe hujafika sehemu salama. Kwahiyo nitakaa sana kwenye hiyo njia.

Ila kwanza hili la sheria, maana kuna wengine bado wanajiuliza kama wana haki hata ya kulalamika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo. 1971! Wengi wetu hatujazaliwa. Kwahiyo mtu akikwambia mume ana haki ya kumrudi mke wake, sijui mahari ng'ombe walishatolewa, hayo ni maneno yake tu, sheria haimo humo. Na kipigo chenyewe ni kosa la jinai kwenye Kanuni ya Adhabu, kama vile ambavyo angempiga mpita njia.

Na wale wanaosema ni pombe. Mimi hiyo siikubali. Mtu ametoka kilabuni amekunywa ulanzi wake, njiani anakutana na mwenyekiti wa mtaa anamwamkia vizuri kabisa, anampita jirani, anampita mwenye nyumba, hajamgusa hata mmoja, anaingia ndani anafunga mlango ndo anaanza kupiga. Huyo amechagua nani wa kumpiga na wapi. Usisubiri aache pombe ndo upange usalama wako.

Sasa tuanze na mtu wa kwanza kumwambia. Mmoja. Usiwaambie watatu siku moja hata kama moyo umejaa. Mtafute mtu ambaye amewahi kutunza siri yako au ya mwingine, ambaye hamtegemei mumeo kwa kibarua wala kwa deni, na ambaye hatamkabili. Hili la kumkabili ni muhimu sana, kaka yako anaweza kuwa anakupenda kuliko wote lakini akisikia tu anachukua fimbo anakuja, wanapigana, anaondoka, wewe unabaki nae ndani usiku huo. Mama mkwe na wifi uwaache kwanza, hata wale wazuri, sio kwa ubaya, ila anayepigwa ni wewe na anayepiga ni damu yao, usiwaweke kwenye huo mtihani wakati hujajipanga.

Huyo mtu mmoja mwombe vitu vinavyoshikika. Akutunzie karatasi, akupokee usiku bila maswali, na mkubaliane neno. Neno liwe la kawaida kabisa ambalo hata akisoma meseji hataona kitu, mfano "shoga una unga wa ulezi?" maana yake pigia polisi sasa hivi. Na mkubaliane kabisa yeye akiipata anafanya nini, anapiga 112, au anakuja na mwenyekiti, au anagonga kama anaazima kitu. Msipokubaliana atabaki ameshika simu anauliza "unga wa ulezi wa nini tena?" na dakika zinaenda. Watoto wakubwa kidogo nao wafundishe kukimbilia nyumba fulani, kujua hizo namba, na kwamba wasiingilie kati wakati anapiga, wakimbie.

Simu, hapa nakaa kidogo kwasababu watu wanakamatwa sana hapa. Jiulize laini yako imesajiliwa kwa NIDA ya nani. Akina mama wengi laini walinunuliwa na mume na ikasajiliwa kwa kitambulisho chake, sasa mwenye usajili anaweza kwenda dukani akasema laini imepotea akapewa nyingine ya namba hiyo hiyo, meseji zako na hela yako ya simu vyote vikaenda kwake. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako, kama unayotumia haimo basi sio yako. Ukiweza sajili laini nyingine kwa kitambulisho chako na alama zako za vidole, iweke kwa yule mtu wako, usiiweke nyuma ya kava la simu, huko ndo wanakoangalia kwanza. Kwenye WhatsApp ingia kwenye mipangilio sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ukikuta kuna kompyuta au simu usiyoijua ujue mtu anasoma chati zako. Ila hapa tumia akili, ukiitoa atajua umejua, kwahiyo kama bado unaishi nae iache hivyo hivyo, mambo ya maana uyaongee kwa mdomo au kwenye simu nyingine, siku unaondoka ndo unaitoa. Lokesheni nayo ni hivyo hivyo, inaweza kuwa imewashwa kwenye ramani na inatumwa kwake muda wote. Unaweza kuondoka na kila kitu ukaenda mpaka Makete ukiwa bado unampelekea ulipo, kwahiyo siku hiyo simu uizime kabla hujatoka getini.

Namba zenyewe ni chache, zishike kichwani usiziandike. 112 ni polisi wa dharura. 116 ni simu ya kusaidia watoto, haina gharama, na hata kama hakuna mtoto aliyeguswa, mtoto anayelala kwenye nyumba ambayo mama yake anapigwa tayari ana shida ya kuwaeleza wale watu. Ukimaliza kupiga futa hiyo simu kwenye orodha, au bora zaidi uipigie kwenye simu ya mwingine.

Sasa mlango gani uanze nao. Watu wanadhani ni polisi tu. Mimi nikiulizwa, kwa mtu ambaye bado yuko ndani na leo hajaumizwa vibaya, mlango mzuri kuliko yote ni kliniki. Siku ya kumpeleka mtoto kupima uzito hakuna mume anayeuliza unaenda wapi, una kadi mkononi, una sababu, hata akikupigia simu unasikika uko kwenye foleni na watoto wanalia nyuma. Ukiingia kwa nesi mwambie "naomba tuongee mlango ukiwa umefungwa". Ukiwa mjamzito ndo usiache kabisa, maana kipindi cha mimba kipigo kwa wengine kinazidi. Nesi anaweza kuandika kwenye faili la hospitali, sio kwenye kadi unayorudi nayo nyumbani, hilo umwambie kwa mdomo wako, "mama naomba usiandike kwenye kadi." Na anaweza kukuunganisha na afisa ustawi wa jamii.

Afisa ustawi wa jamii ndo mtu ambaye watu wa huku hawamtumii kama inavyotakiwa. Yupo halmashauri, na hospitali nyingi kubwa wana wa kwao. Kazi yake ni hii hii, familia, watoto, matunzo, sehemu ya kukaa kwa dharura. Uzuri wa kwenda halmashauri ni kwamba pale watu wanaenda kwa mambo mia, leseni ya biashara, mkopo wa vikundi vya akina mama, vyeti vya watoto, hakuna atakayekuona akashangaa. Kwenye kata kuna afisa maendeleo ya jamii, na kuna kamati za MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza 2017, kamati ziko hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Ila kamati ni watu wa pale pale mtaani, kwahiyo kabla hujaongea jua kwanza nani wamo. Ukikuta mjumbe ni rafiki wa mumeo, ruka hiyo ngazi, nenda ya kata au ya wilaya. Hakuna sheria inayokulazimisha uanze kwa balozi ndo upande juu. Narudia hili maana nimeona mtu anarudishwa, anaambiwa kaanzie kwa mjumbe lete barua. Mtu aliyepigwa hahitaji barua ya mtaa ndo asikilizwe na polisi au atibiwe.

Karatasi. Kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa kama kipo, kadi za kliniki, kadi ya bima, na yale makaratasi ya kiwanja, hata kama ni mauziano tu yaliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Usivitoe vyote siku moja, toa kimoja kimoja wiki tofauti, na vile anavyoviangalia mara kwa mara usivitoe, vipige picha tu, mtumie mtu wako kisha futa pande zote mbili na kwenye kapu la takataka la simu pia. Kuna mama mmoja wa kikoba chetu aliweka nakala zake kwenye lile sanduku la kikundi. Mnalijua, lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, mume hata akilijua hawezi kulifungua. Alikunja kwenye mfuko wa nailoni akaweka chini kabisa chini ya daftari la hisa, mweka hazina peke yake ndo alijua ni nini. Kwa nakala ni sehemu nzuri sana. Kwa karatasi zenyewe hapana, kwasababu sanduku linafunguliwa siku ya kikao tu na wewe unaweza kuzihitaji saa nane usiku.

Hela pia, kidogo kidogo. Hisa za kikoba zinasaidia, ila waulize viongozi mapema kama ukiondoka katikati ya mwaka unapewa chako kwa utaratibu gani. Uwe na nauli ya noti mkononi. Hela ya simu inaacha meseji.

Kuna dalili ambazo ukiziona usiendelee kupanga taratibu, ondoka. Amekukaba shingo, hata mara moja, hata kama hukuzimia. Ametishia kukuua, na anasema atakuua vipi. Ameanza kuweka panga au shoka chumbani. Anasema nikikukosa mimi hakuna atakayekupata. Anakufuata kazini au sokoni. Kukabwa hasa, mtu akishakukaba uwezekano wa kuja kukuua unapanda sana, na koo linaweza kuvimba ndani baadae wakati nje hakuna alama hata moja. Kwahiyo umekabwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, umwambie daktari kwa neno hilo hilo, "nimekabwa," usiseme "tuligombana."

Na muda wa hatari kuliko wote ni pale unapoondoka na wiki za mwanzo baada ya hapo. Ndo maana usimtangazie. Usimwambie kwa hasira "ngoja, kesho naenda ustawi." Nenda.

Siku ya kuondoka chagua saa ambayo hayupo na ambayo ni kawaida yako kutoka. Usipandie stendi ambako makondakta wote wanakujua. Kama uko Mbeya mjini na unaelekea Tukuyu, Kyela, au njia ya Iringa, gari zote zinapita Uyole pale njia panda, panda pale badala ya stendi ya Nanenane, na tiketi ikiandikwa taja namba ya yule mtu wako. Watoto wavalishe nguo mbili mbili badala ya kubeba begi, begi linaongea. Na kama ni Juni au Julai jamani sweta na blanketi, baridi ya huku inajulikana, nimeona mama ametoka usiku na mtoto ana kaptula, wakalala kibarazani kwa mtu mpaka asubuhi, na mtoto akaishia kulazwa kwa nimonia. Usiku wakati anapiga usikimbilie jikoni wala stoo, huko kuna visu na hakuna mlango wa pili. Kimbilia nje, piga kelele, na kelele iwe "moto!" au "mwizi!", watu watatoka haraka kuliko ukisema napigwa na mume wangu, inauma kuandika hivi lakini ndo ilivyo.

Hospitali na PF3. Ukiumia, utaratibu wa kawaida ni upite polisi uchukue fomu ya PF3, daktari anaijaza, inarudi polisi, na ndo ushahidi wako. Ni bure, mtu akikuomba hela ya fomu hiyo sio halali. Lakini kama unavuja damu, umevunjika, umekabwa, au una mimba na tumbo linauma, nenda hospitali moja kwa moja, fomu itafuatiliwa. Kama umelazimishwa kimwili, na mtu yeyote, hata kama ni mumeo, saa zinahesabika, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadri unavyowahi ndo bora, unameza siku 28, na ya kuzuia mimba ina mwisho wa siku tano. Usioge, usifue ile nguo, iweke kwenye karatasi au mfuko wa khaki, sio nailoni. Kama umeshaoga nenda tu, usikae nyumbani kwa sababu hiyo. Hospitali nyingine kubwa zina kituo kinaitwa mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii mnakutana nao sehemu moja, huzunguki mji mzima ukirudia habari yako kwa kila meza. Pale mapokezi usielezee, watu wako kwenye foleni nyuma yako, sema tu "naulizia mkono kwa mkono" au "namtafuta ustawi wa jamii," wataelewa.

Polisi, omba dawati la jinsia na watoto. Hapa nielezee inavyokuwa maana wengi wanaogopa kwa kutojua. Unafika kaunta, kuna askari na kuna watu wengine wamekaa kwenye benchi wanasikiliza kila kitu. Ukiulizwa shida yako ni nini jibu fupi, "nina shida ya dawati la jinsia". Akisema elezea hapa hapa, rudia kwa upole, "afande ni mambo ya ndani, naomba dawati." Utapelekwa kwenye chumba, mara nyingi utakuta afande wa kike, una haki ya kumuomba, na wengine hawavai sare. Atakuandika maelezo. Elezea tukio la mwisho kwanza, tarehe, saa, alitumia nini, alipiga wapi, nani alisikia, alafu ndo urudi nyuma kwenye ya zamani. Ukianza na mwaka mlipooana utachoka kabla hujafika jana usiku. Akimaliza akusomee, kama kuna kitu hakiko sawa kirekebishwe kabla hujasaini. Ondoka na namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako pale polisi, na jina la afande aliyekuhudumia. RB usirudi nayo nyumbani kama bado unalala huko, ipige picha mwachie mtu wako.

Alafu muulize swali ambalo watu hawaulizi: akikamatwa, atatoka lini? Kwasababu dhamana ni haki yake na anaweza kutoka siku hiyo hiyo jioni, akiwa na hasira na ndugu zake wanamwambia mkeo ndo kakuweka ndani. Mwambie afande, naomba mnijulishe kabla hajaachiwa, na mpe namba ya ile simu nyingine. Usiku huo usilale nyumbani. Hii sentensi moja tu ukiibeba kwenye makala yote mimi nitashukuru.

Kama dawati wamekujibu vibaya, inatokea, wapo wanaosema kayamalizeni nyumbani, usiishie hapo. Omba kuonana na mkuu wa kituo, au nenda kituo cha wilaya, au rudi na afisa ustawi au msaidizi wa kisheria pembeni yako. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wapo wilayani, huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo, waulizie halmashauri kwa afisa maendeleo. Ukienda na mtu anayejua sheria majibu yanabadilika, nimeyaona kwa macho.

Sasa kikao cha ukoo. Huku kwetu hakikwepeki, wataitana, mshenga atakuja, wazee watakaa. Sisemi usiende, kuna wazee wana busara na wameokoa watu. Ila usikubali kukaa kikao bila mtu wako pembeni, usikubali sharti la kufuta kesi ili mpatane, na usikubali kurudi nae nyumbani usiku huo huo. Usiku baada ya kikao ni mbaya sana, ameaibishwa mbele za watu, ameambiwa aombe msamaha ameomba kwa mdomo, mlango ukifungwa analipiza. Waambie wazee kwa heshima, "baba zangu nimewasikia, nitakaa kwa shangazi kwanza." Mchungaji au shehe naye ni hivyo hivyo, wengine watakusaidia kweli, lakini wakisema tukae wote wawili mzungumze mbele yangu, kataa hilo la wawili, mbele yake huwezi kusema ukweli na ukiusema utaulipia nyumbani.

Kuhusu mali na watoto nitapita haraka, mwenye kesi aonane na msaidizi wa kisheria. Kwenda mahakamani kudai talaka kwa kawaida unapitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, lakini sheria inaruhusu kuliruka kama kuna mazingira ya pekee, kwahiyo kama maisha yako yako hatarini useme. Mahakama ya mwanzo inasikiliza mambo ya ndoa. Kesi ya ndoa ikiwa inaendelea, mahakama inaweza kumkataza asikusumbue. Kama hamkufunga ndoa, mmekaa tu pamoja miaka miwili au zaidi na watu wanawajua kama mke na mume, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinakupa pa kusimamia. Na yale maneno ya "hujaleta kitu humu ndani," Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Sasa wewe uliyepalilia mpunga Mbarali au kuchuma chai Mufindi ndo utaambiwa hukuchangia? Nyumba ya ndoa hawezi kuiuza bila ridhaa yako. Mtoto chini ya miaka saba sheria inaanzia kwamba ni vizuri akae na mama, ila sio lazima iwe hivyo kila mara. Kutoka nyumbani kuokoa maisha yako hakukuondolei haki hizo. Watu wengi wanabaki kwa kuogopa hilo.

Kaka unayesoma na unapigwa na mkeo, dawati ni lako pia, PF3 ni hiyo hiyo.

Majirani, shemeji, shoga. Mkisikia usiku, gongeni, ombeni chumvi, washeni taa za nje, kohoeni, pigeni 112, ila usimkabili mwanaume mwenye panga peke yako. Kesho yake usimuulize yule dada "kwanini usiondoke?" Muulize "nikusaidie nini leo?" alafu ufanye hicho alichosema hata kama ni kukaa na mtoto saa moja. Akirudi kwa mume usimtukane wala usimsuse, wengi wanatoka na kurudi mara kadhaa kabla hawajaondoka moja kwa moja, ukimsusa mara ya pili hatakuja kwako tena. Na usimposti kwenye grupu. Picha ya mtu aliyevimba uso haimsaidii kitu, inamwambia tu mumewe yuko kwa nani.

Ukishafika sehemu salama, badilisha namba ya siri ya simu, ya hela, ya kila kitu, kabla hujalala. Na shule mpya ya watoto, nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu siku ya kwanza, mwambie majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, uyaandike, na umuonyeshe picha ya baba yake ili na mlinzi wa getini amjue.